Lisemwalo Lipo? Hapana, Si Kila Lisemwalo!

Katika methali zetu zote, hapana iliyotudhulumu sisi watu wa pwani kama hii isemayo: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wazee walioiacha walikuwa na maana yao. Walitaka mtu asipuuze dalili. Akisikia ngurumo aanue nguo. Lakini sisi wa leo tumeigeuza methali hii kuwa kadhi. Tumeipa kiti, ikakaa, ikasikiliza kesi bila ya mdai, bila ya mdaiwa, bila ya shahidi, na ikatoa hukumu. Na wanaohukumiwa zaidi katika mahakama hii ya kahawa na kashata ni wale wasioweza kujibu hata neno moja, nao ni maiti.

Twataka leo tuseme juu ya maiti wa namna moja: kijana aliyekuwa akitafutwa kwa tuhuma ya kuua, msako ukapigwa, kisha ikaja khabari kuwa amekutwa amekufa au ameuawa. Hapo ndipo ndimi zetu hufunguliwa kamba. Asubuhi alikuwa mtuhumiwa. Adhuhuri amekwisha kuwa muuaji. Alasiri amekuwa mkuu wa genge. Na baada ya isha watu wanamjua mpaka mwalimu aliyemsomesha juzuu ya kwanza.

Tuchukue mfano mdogo wa hapa petu. Iko Kongowe ya Kibaha, juu ya Barabara ya Morogoro. Tena iko Kongowe ya upande wa Mbagala, juu ya Barabara ya Kilwa, njia ya kwendea Mkuranga na Kibiti. Haya, mtu mmoja na aseme ndani ya gari: "Kongowe wameokotwa vijana wawili wamekufa, nao ndio wale waliokuwa wakitafutwa." Kabla gari halijafika Mlandizi, abiria watakuwa wamekwisha kuwapa vijana hao majina, kabila, msikiti na madhehebu. Mmoja atasema wamepigwa risasi, wa pili atasema wamejiua, wa tatu atasema hawakufa, wamefichwa. Lakini je, atapatikana hata mmoja wa kuuliza swali la kwanza kabisa: Kongowe ipi? Ikiwa mahali penyewe hatupajui, tutamjuaje muuaji?

YALIYOPITA KIBITI

Wala hatusemi mambo ya kufikirika. Mkoa wetu wa Pwani umepita katika mtihani huu, na makovu yake yangalipo. Katika miaka ya karibu na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu waliuawa mmoja baada ya mmoja: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, mgambo, wanachama wa chama tawala na askari. Wengi wao walifuatwa majumbani mwao usiku. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 wa Jeshi la Polisi waliviziwa na kuuawa kwa pamoja wilayani Kibiti. Serikali ikaunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji; pikipiki zikakatazwa kutembea usiku; nyumba zikafungwa mapema; watu wakawa hawathubutu kwenda kuzika mbali. Kisha mwezi wa Agosti 2017 Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati ule, Simon Sirro, akatangaza kwamba watuhumiwa 13 wa mauaji hayo wameuawa katika mapambano na polisi huko huko Kibiti.

Watu 13, ndugu msomaji! Hesabu hiyo ni ya safu nzima katika msikiti mdogo wa kijijini. Na hapana hata mmoja wao aliyesimama mbele ya hakimu akaulizwa: Umefanya? Kwa nini? Nani alikutuma?

Basi ikawaje? Watu wakagawanyika makundi mawili, na kila kundi likajiona ndilo lenye akili.

Kundi la kwanza likasema: Hao ni magaidi, wamestahiki, habari imekwisha. Wakatoka kwa hao 13 wakaingia kwa wasiokufa. Kila mwenye ndevu akatazamwa mara mbili, na kila chuo cha Qurani kikatiliwa shaka. Mapigano yalipoanza kaskazini ya Msumbiji, mwezi wa Oktoba 2017, wakaunganisha uzi huo na huu na kusema: Mnaona? Tulisema! Yawezekana upo uzi, yawezekana haupo. Lakini kuunganisha si kuthibitisha. Mshoni naye huunganisha vitambaa viwili visivyokuwa kimoja.

Kundi la pili likasema kinyume chake: Hao hawana kosa lo lote, wameonewa, mauaji yote yamefanywa na wakubwa wenyewe kwa makusudi yao. Ukiwauliza, Ushahidi wenu nini? hukujibu kwa kicheko cha mtu ajuaye siri, na kusema: "We mtoto mdogo, hujui dunia inakwendaje."

Sisi twasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: makundi haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza limemhukumu maiti bila ya ushahidi. La pili limemhukumu aliye hai bila ya ushahidi. Yote mawili yamekula katika sahani moja, na chakula kilichomo ni kile ambacho Sura ya Al-Hujurat imekifananisha na nyama ya ndugu aliyekufa. Tofauti yao ni mkono tu: mmoja anakula kwa wa kulia na mwingine kwa wa kushoto.

MSITU WA PANDE UNATUSEMESHA

Kama yuko anayeshikilia bado kuwa lisemwalo lipo, na aje tumkumbushe ya mwaka 2006.

Mwezi wa Januari mwaka huo, watu wanne waliuawa kwa risasi Dar es Salaam. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoa wa Morogoro. Wa nne alikuwa dereva wa teksi aliyewachukua. Wananchi wakatangaziwa kuwa hao ni majambazi wenye silaha, waliopora na kuuawa wakirushiana risasi na polisi. Ni nani wakati ule aliyekuwa na shaka? Mji ulikuwa umechoka na ujambazi. Watu walishukuru. Wako waliopiga makofi. Naye dereva yule, ambaye kosa lake lilikuwa kupata abiria, akaingizwa katika orodha ya majambazi, na watu wake wakabaki wakipita njiani wakinyoshewa kidole.

Lakini jamaa za waliouawa hawakunyamaza, na magazeti hayakunyamaza. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikachunguza, na ikaonekana kwamba wale hawakuwa majambazi, wala hapakuwa na mapambano yo yote. Walikamatwa wakiwa hai, wakachukuliwa mpaka msitu wa Pande, nje kidogo ya jiji, na huko wakauawa. Askari wakafikishwa mahakamani, naye mkubwa wao akiwa Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam.

Na hapa tena tusikilize vizuri, maana somo ni la pande mbili. Mwezi wa Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa wote waliokuwa mbele yake. Upande wa mashtaka ukakata rufani. Mwezi wa Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Wilaya ya Kinondoni, ikamhukumu kunyongwa. Na Zombe ikamwona hana hatia, akaenda zake. Je, barazani watu walisubiri? Hawakusubiri! Wale wale waliokuwa wamewahukumu wafanyabiashara mwaka 2006 kuwa majambazi, waligeuka wakawahukumu askari wote kwa jumla kabla ya shahidi wa kwanza kusema. Mahakama ilihitaji miaka 10 na miezi 8 kuipambanua kesi hii, na hata hivyo wako wasioridhika nayo mpaka leo. Wewe ndugu yangu uliipambanua kwa kikombe kimoja cha kahawa!

Basi lisemwalo lilikuwako? Halikuwako. Lilisemwa na wakubwa, likasomwa redioni, likaandikwa, likaaminiwa na maelfu, na bado halikuwako. Kilichokuwako ni wajane, mayatima, na msitu.

WALIOPOTEZA ZAIDI

Yuko atakayesema: "Bwana, wewe wawatetea wauaji. Umesahau walivyochinja watu Kibiti?"

Hatukusahau. Bali sisi ndio tunaowakumbuka, na wewe ndiye uliyewasahau. Mwenyekiti wa kijiji aliyeitwa mlangoni usiku akapigwa risasi mbele ya watoto wake ana haki kwetu. Askari wale 8 walikuwa watoto wa watu, wengine wakiwa na wake na wachanga, nao wana haki. Na haki yao ya kwanza ni kujulikana kwa kweli nani aliyewaua, nani aliyetoa fedha, nani aliyeficha silaha, na kwa sababu gani. Mtuhumiwa akifa, sehemu kubwa ya hayo huzikwa pamoja naye. Maiti haulizwi, maiti hataji wenzake. Anayeshangilia kifo cha mtuhumiwa kabla ya kuhojiwa, anashangilia kufungwa kwa mlango ambao nyuma yake amekaa aliyemtuma.

Na ikiwa katika wale 13 alikuwamo hata mmoja asiyehusika, basi maana yake ni mambo mawili mazito: damu isiyo na hatia imemwagika, na mwenye hatia angali anatembea. Ikiwa wote walihusika, nao hawakusema kitu, mjane wa Kibiti amebaki na jibu nusu. Katika hali zote mbili mwenye hasara ni yule yule unayedai kumtetea.

Zaidi ya hayo, tazama namna khabari za kweli zilivyokuwa haba. Mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi khabari za mauaji ya Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena. Mwezi wa Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, Profesa Palamagamba Kabudi, alisema katika mahojiano na BBC maneno yaliyofahamika kuwa mwandishi huyo amekufa. Baadaye ikafafanuliwa kuwa maneno yake yalifahamiwa sivyo. Fikiri hali ya mke na mama wa mtu huyo kati ya neno la kwanza na la pili!

Kwa hivyo twawaambia na wenye mamlaka, kwa adabu lakini bila ya kigugumizi: uvumi ni majani, humea pale palipoachwa bila ya kulimwa. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 imeweka njia ya kifo cha mabavu, na cha mashaka, kuchunguzwa mbele ya korona. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, imekataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Haya hayakuandikwa ili kupamba makabati. Kifo cha mtuhumiwa kikichunguzwa hadharani, na matokeo yakasomwa hadharani, polisi mwema husafika, polisi mwovu hujulikana, na mpiga domo hukosa bidhaa ya kuuza.

HATA KWA WENZETU WENYE VYOMBO

Usidhani maradhi haya ni ya Rufiji na Kongowe peke yake. Mwezi wa Julai 2019 nchini Kanada watu watatu waliuawa katika sehemu za kaskazini za jimbo la British Columbia. Vijana wawili, wa miaka 18 na 19, gari lao likakutwa limeungua. Mwanzo watu wakawasikitikia kama waliopotea. Siku chache baadaye polisi wakawataja kuwa ndio watuhumiwa. Wakasakwa mpaka jimbo la Manitoba, mwendo wa kilomita kama 3,000, kwa ndege za jeshi, mbwa na mashua. Nchi nzima ikawaona: huyu kawaona mashariki, yule kawaona magharibi. Tarehe 7 Agosti maiti zao zikapatikana msituni karibu na Mto Nelson, na uchunguzi ukaonyesha kuwa wamekufa kwa risasi zao wenyewe.

Mwezi wa Septemba mwaka huo polisi wakatoa taarifa ndefu hadharani: njia waliyopita, silaha walizokuwa nazo, na kwamba vijana hao walijirekodi wakikiri kuua, lakini hawakueleza sababu. Polisi wakasema wazi kuwa sababu haijulikani. Tazama hapo tofauti! Vyombo vyote vile, na utaalamu wote ule, lakini mwisho wake walipofika mwisho wa elimu yao wakasimama. Watu wa kawaida hawakusimama. Waliendelea kuipika sababu kila mmoja katika chungu chake, na wazazi wa pande zote mbili, wa waliouawa na wa waliotuhumiwa, wakawa wanasikia majirani zao wa dunia nzima wakiwasomea maisha ya watoto wao.

Na pana jambo jingine la kujifunza hapo. Katika msako ule watu fulani walitoa khabari kwa polisi kuwa wamewaona wawili wanaofanana nao katika kijiji kimoja. Polisi wakaenda, wakatafuta, wasikute kitu. Je, watu hao walikosa? Hawakukosa. Waliona jambo, wakalipeleka kwa mwenye kazi yake, naye akalichunguza. Huo ni ushahidi, na kuuficha ushahidi ni dhambi. Sisi hatusemi mtu anyamaze akiona silaha imefichwa shambani. Twasema asilipeleke jambo hilo barazani, alipeleke mahali pa kuchunguzwa. Aliyeona aseme kwa mwenye mamlaka, asiyeona anyamaze. Hiyo ndiyo mizani.

TULIFUNDISHWA NINI?

Waislamu sisi hatuna udhuru katika mambo haya, maana hapana umma ulioonywa juu ya ulimi kama sisi. Tumeamrishwa tupeleleze tukiletewa khabari na mtu asiye mwadilifu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tumekatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, kwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alisikialo. Hakusema kila alibunilo! Alisema alisikialo. Basi yule asemaye "Mimi sikutunga, nimesikia tu na kupeleka" amejitetea kwa lile lile linalomtia hatiani.

Kumbuka pia kisa cha uzushi aliozuliwa mama yetu Aisha. Mji wa Madina, wenye Mtume ndani yake, ulitaabika kwa maneno ya watu kiasi cha mwezi mzima. Lakini palikuwa na nyumba moja iliyopasi mtihani: nyumba ya Abu Ayub. Mke na mume walikaa wakaulizana: Je, wewe ungeweza kufanya jambo hilo? La. Basi Aisha ni mbora kuliko wewe. Habari ikafia pale pale, haikutoka nje ya mlango. Nyumba ngapi za Kongowe, za Bagamoyo, za Kilwa na za Tanga zaweza leo kuwa kaburi la uvumi kama nyumba ile?

Na Sayyidna Ali, alipopigwa upanga wa sumu huko Kufa mwaka wa 40 Hijria, muuaji wake alikamatwa papo hapo, watu wakiona kwa macho yao. Hapakuwa na shaka ya nani. Hata hivyo aliusia kuwa mfungwa yule alishwe na atendewe wema. Akifa yeye, kisasi kiwe kwa muuaji peke yake, kwa pigo moja, wala asikatwekatwe, wala damu za watu zisimwagwe kwa kisingizio cha kuuawa Ali. Huyo ni aliyeuawa akimsemea muuaji aliyejulikana. Sisi twashindwa kumsitiri mtuhumiwa asiyejulikana, tena aliyekwisha kufa!

Kuhusu maiti, tumekatazwa kuwatukana, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Mwislamu akifa, awe mwema au mwovu, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na huzikwa. Hata yule ambaye Mtume mwenyewe hakumswalia kwa kuwa alijiua, wanazuoni wengi wamesema Waislamu wengine wamswalie. Basi na aliyetuhumiwa tu? Mtu akisema, "Mimi siendi kumzika huyo, wasije wakanihesabu pamoja naye," tutaifahamu hofu yake. Hofu haina mahakama. Lakini asiivishe hofu yake kanzu ya dini akasema kuwa maiti huyo hastahili.

NYUMBANI KWAKO

Sasa twakuja kwako wewe, baba na mama wa nyumba, maana polemiki isiyofika mlangoni kwa msomaji ni kelele tu.

Zamani uvumi ulikwenda kwa miguu. Leo umo katika simu iliyo mkononi mwako. Maiti za watuhumiwa hupigwa picha zikiwa zimelala uchi, damu imeganda, na picha hizo hupita kutoka simu hadi simu kabla ya mama wa marehemu kujulishwa. Wewe unayezituma kwa shemeji yako na kuandika "Astaghfirullahi, tazama", unamtaka msamaha nani na kwa jambo gani, hali kidole chako ndicho kinachovunja sitara? Maiti anayeoshwa tunamfunika nguo ili hata muoshaji asione. Utamwonyeshaje mji mzima?

Tena wafikirie walio hai. Mtuhumiwa aliyekufa ana mama, naye hununua unga duka lile lile unalonunua wewe. Ana dada aliyechumbiwa, na posa huenda ikarejeshwa kwa maneno yako. Ana mtoto anayekwenda chuoni, na wenziwe watamwita "mtoto wa gaidi" kwa sababu walisikia kwako ukila chakula cha usiku. Mtoto huyo hakuua mtu. Dini imesema, na sheria ya nchi imesema, kuwa hapana abebaye mzigo wa mwenziwe. Lakini ulimi wako umekwisha kumtwika. Kisha akikua na chuki kifuani, ukasikia amepotea, amefuata watu wabaya, utakuja tena barazani kusema: "Mimi nilijua, damu ya baba yake!" Hukujua kitu. Wewe ulipanda, na sasa unashangaa kuvuna.

Basi tujifunze maswali manne tu, na tuyafundishe watoto wetu kama tunavyowafundisha nguzo za udhu. Kwanza: Anayesema ameona, au amesikia? Pili: Akiwa amesikia, kwa nani, na huyo naye aliona? Tatu: Likiwa kweli, lanihusu nini mimi, na ni nani ninayepaswa kumpelekea? Nne: Likiwa uwongo, ni nani atakayeumia, na nitamlipaje? Jambo likishindwa katika swali moja miongoni mwa hayo, na lifie kwako. Na ukiulizwa, "Je, wale vijana walikuwa wauaji au hawakuwa?" usione haya kutamka neno lililo gumu kuliko yote katika lugha yetu ya Kiswahili: Sijui.

Neno hili "sijui" si la woga wala si la mjinga. Wanazuoni wakubwa walilisema mbele ya watu waliosafiri miezi kuja kuwauliza, na elimu yao haikupungua. Polisi wa Kanada walilisema mbele ya dunia. Ni sisi tu, wakaazi wa barazani, tunaojua kila kitu.

Yaliyotokea msitu wa Pande hayakufichuliwa na mabaraza. Yalifichuliwa na jamaa waliodai uchunguzi, waandishi waliotafuta khabari, tume iliyohoji mashahidi, na mahakama iliyosikiliza. Ndugu msomaji, ukiwa na uchungu wa kweli kwa damu iliyomwagika, ya mwenyekiti, ya askari au ya kijana aliyetuhumiwa, basi ufuate njia hiyo: dai uchunguzi, toa ushahidi ulio nao, wasaidie mayatima wa pande zote, na mwombee maiti. Na kama huna la kufanya katika hayo, fumba mdomo. Kunyamaza kwako kutakuwa sadaka, na huenda ndiyo sadaka kubwa utakayoitoa mwaka huu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi damu zetu na ndimi zetu. Amin.